Kimya Kabla ya Moto: Historia ya Malori ya Mafuta kwenye Barabara Zetu

[Muziki wa kuingilia. Unashuka polepole chini ya sauti.]

MSIMULIZI: 

Leo tuna historia. Haina wafalme wala majenerali. Ni historia ya barabara ambazo wengi wetu tumezipita, kwa gari au kwa miguu, na ya malori yanayobeba mafuta kwenye barabara hizo. Tunaisimulia kwa sababu malori hayo bado yanapita, na siku moja lori moja linaweza kuanguka karibu na wewe.

Tuanze Sange.

Wengine kati yenu hamhitaji kuelezwa Sange ni wapi. Kwa wasiopajua, ni mji mdogo katika bonde la Ruzizi, Kivu ya Kusini, kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Bukavu. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilijaribu kulipita basi, likapinduka katikati ya makazi ya watu. Petroli ikaanza kumwagika.

Moto haukuwaka palepale. Watu walitoka majumbani. Wengine walikuja na ndoo, wengine na bidoni, wengine walikuja kuangalia tu. Ulikuwa wakati wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, tena siku ileile ambayo Ghana ilicheza na Uruguay katika robo fainali. Watu wengi walikuwa wamekusanyika ndani kutazama mpira.

Kisha moto ukawaka. Uliwakuta waliokuwa wakichota. Uliwakuta waliokuwa wamesimama kutazama. Uliingia hadi ndani ya nyumba, ukawakuta watu ambao hawakugusa hata tone la mafuta yale. Watu zaidi ya 230 walikufa, na karibu 200 waliungua. Majeruhi walipelekwa hospitali za Uvira na Bukavu, baadhi yao kwa helikopta za Umoja wa Mataifa. Wengi waliokufa hawakuweza kutambuliwa, wakazikwa katika makaburi ya pamoja.

Tangu siku ile, ukilitaja jina la Sange, hakosi mtu wa kusema: «Ni tamaa.» Ndugu msikilizaji, nakuomba tuliweke neno hilo kando kwanza. Tutalirudia mwishoni. Sasa hivi nataka utazame kitu kingine, nacho ni ule muda kati ya lori kuanguka na moto kuwaka. Lori limelala ubavu, dereva ametoka, hakuna moshi, hakuna mwali, mafuta yanatiririka kimya kimya. Kila anayetazama anaona kwamba hatari imepita. Kumbe ndiyo kwanza inajipanga.

Ukiuelewa muda ule, umeelewa karibu kila kitu tutakachosema leo.

[Muziki mfupi.]

MSIMULIZI: Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu jina. Kambini tumekutana watu wa nchi mbalimbali, na neno moja linatuchanganya. Mtanzania au Mkenya akisema «petroli», anamaanisha mafuta ya pikipiki na magari madogo. Mkongo akisema «petroli», mara nyingi anamaanisha mafuta ya taa. Yale ya pikipiki yeye anayaita «esansi». Na yale ya malori makubwa, ambayo Mtanzania anayaita dizeli, kwa Mkongo na Mrundi ni «mazutu».

Kutoelewana huku kunaweza kumuua mtu. Mama aliyetumwa dukani kuleta petroli ya taa anaweza kupewa petroli ya pikipiki, akaimimina kwenye taa. Kwa hiyo katika kipindi hiki, nikisema petroli, ninamaanisha esansi. Mafuta ya taa nitayaita mafuta ya taa.

Tofauti ya mafuta haya mawili iligunduliwa kwa uchungu, zamani kidogo. Katikati ya karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walianza kuwasha taa kwa mafuta yaliyosafishwa kutoka mafuta ya ardhini. Wakati wa kuyasafisha, kulitoka pia kimiminika chepesi sana ambacho siku zile hakikuwa na soko. Magari yalikuwa bado hayajatengenezwa. Wafanyabiashara wengine wakakichanganya kwenye mafuta ya taa ili wapate faida. Taa zikalipuka mezani na vitandani. Familia zikaungua.

Uingereza ilitunga sheria ya kwanza ya mafuta hayo mwaka 1862. Lakini sheria ilihitaji kipimo, maana mafuta mazuri na mafuta yaliyochanganywa yanaweza kufanana machoni. Mkemia mmoja wa huko, Frederick Abel, alitengeneza kikombe chenye kifuniko. Unaweka mafuta ndani, unayapasha moto polepole, na kila baada ya muda unasogeza mwali mdogo juu yake. Unaangalia ni katika joto gani hewa iliyo juu ya mafuta inashika moto kwa ghafla. Kipimo hicho kiliingia kwenye sheria mwaka 1879, na vipimo vinavyotumika duniani leo vinafuata njia ileile.

Umesikia vizuri? Ni hewa iliyo juu ya mafuta. Kimiminika chenyewe hakiungui. Kinachoungua ni mvuke unaopanda kutoka kwenye kimiminika na kuchanganyika na hewa.

Sasa sikiliza tofauti. Mafuta ya taa yanahitaji kufika nyuzi joto 38 hivi au zaidi ndipo yatoe mvuke wa kutosha kuwaka. Dizeli inahitaji zaidi ya 50. Petroli haihitaji kupashwa moto hata kidogo. Inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna kijiji chetu kimewahi kuiona. Kwa hiyo katika jua la Kigoma, la Kakuma au la Uvira, petroli iliyomwagika inatoa mvuke mfululizo, mchana na usiku.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi juu kama moshi wa jikoni. Unatambaa chini, unafuata mtaro, unashuka bondeni, unaingia chini ya mlango. Huuoni. Unaweza kuunusa, lakini pua huzoea harufu upesi, na ukishaizoea unadhani imekwisha. Mvuke ukikuta jiko la mkaa la jirani, hata kama jirani yuko mbali na lori, moto unawaka pale kwa jirani na kurudi mbio hadi lilipo lori. Hivyo ndivyo moto unavyowafikia watu walio ndani ya nyumba zao.

[Muziki mfupi.]

MSIMULIZI: Sange haikuwa ya kwanza, wala haikuwa ya mwisho. Tufuate mfululizo wake, tuone kila mahali panatufundisha nini.

Rudi nyuma hadi Januari 2002, mjini Goma. Tarehe 17 mlima Nyiragongo ulipasuka, na mto wa lava ukaukata mji katikati. Mamia ya maelfu ya watu walivuka kuingia Gisenyi, Rwanda. Pengine wewe unayesikiliza ulikuwa mmoja wao. Siku chache baadaye wengi walirudi, maana ugenini hapakuwa na chakula wala malazi. Mjini walikuta lava imeanza kupoa juu lakini ndani bado ni moto. Kulikuwa na kituo cha mafuta kilichozungukwa na lava hiyo, na ndani yake mafuta yalikuwa yamebaki. Watu waliopoteza kila kitu walikwenda kuyachota. Kituo kililipuka, na makumi ya watu wakafa. Walikuwa wameiponyoka volkano, wakauawa na mafuta.

Somo la Goma: kinachowasha moto si lazima kiwe mwali. Jiwe la moto linatosha. Bomba la moshi la pikipiki iliyotoka kukimbia linatosha pia.

Twende Kenya. Jumamosi, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Watu wa vijiji vya jirani walikuja na vyombo. Moto ulipowaka, waliokufa walikuwa zaidi ya 110, na wengine zaidi ya 200 waliumia. Wengi walizikwa pamoja kwenye kaburi moja.

Kuna jambo kuhusu Sachangwan ambalo hutalielewa usipotazama kalenda. Eneo la Molo lilikuwa limepigwa vibaya na ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka mmoja tu kabla. Watu walikuwa wamechomewa nyumba na kufukuzwa mashambani. Na mwezi huohuo wa Januari 2009 serikali ya Kenya ilikuwa imetangaza njaa kuwa janga la taifa, ikisema watu milioni 10 hawana chakula cha kutosha. Katika hali hiyo, lori linaanguka mbele ya nyumba yako na kumwaga kitu unachoweza kukiuza leoleo. Mwenye kulala na njaa anajua hesabu iliyopigwa pale.

Nairobi, Jumatatu, tarehe 12 Septemba 2011. Safari hii hakukuwa na lori. Petroli ilivuja kutoka kwenye mtambo wa bomba la mafuta, ikaingia kwenye mtaro wa maji ya mvua, ikatiririka hadi mtaa wa mabanda wa Sinai, katika eneo la viwanda. Ilikuwa asubuhi. Watu waliona mafuta yanapita kwenye mtaro mbele ya milango yao, wakatoa ndoo. Moto ulipolipuka, takriban watu 100 walikufa. Wengine, miili ikiwaka, walikimbilia mto ulio jirani ili wajizime. Lakini petroli ilikuwa imeshafika mtoni, na mto nao ulikuwa unawaka.

Somo la Sinai tulishike sana, kwa sababu linapingana na kile tulichofundishwa utotoni, kwamba moto huzimwa kwa maji. Petroli ni nyepesi kuliko maji, nayo huelea juu yake. Ukiimwagia maji petroli inayowaka, unaibeba na kuitandaza hadi kwa jirani.

Na Tanzania. Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, Msamvu mjini Morogoro, karibu na kituo cha mabasi. Sikukuu ya Idi ilikuwa imekaribia. Lori la mafuta lilianguka kando ya barabara. Vijana wa bodaboda walikuwa miongoni mwa waliofika mwanzo, kwani kwao petroli ndiyo kazi na ndiyo chakula. Walioshuhudia walisimulia kwamba kuna mtu alijaribu kuchomoa betri ya lori. Moto ukawaka. Siku ile walihesabiwa waliokufa zaidi ya 50. Lakini majeraha ya moto hayaui kwa siku moja. Majeruhi walipelekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, na wiki zilizofuata idadi ikapanda hadi kuvuka 100.

Somo la Msamvu: betri ina cheche. Ukichomoa waya wake, ukigeuza ufunguo wa pikipiki, ukigonga chuma kwa chuma ili kufungua tangi, umewasha kiberiti.

Goma, Sachangwan, Sange, Sinai, Msamvu. Ndani ya miaka 17, kwenye nchi tatu jirani. Kila mahali palikuwa na ule muda wa kimya, na kila mahali watu waliujaza kwa kusogea karibu.

[Muziki mfupi.]

MSIMULIZI: Sasa tugeuze upande. Je, binadamu amejifunza nini kuhusu kupambana na moto huu?

Mwanzoni mwa karne ya 20, mji uliokuwa ukitoa karibu nusu ya mafuta yote ya dunia ulikuwa Baku, kwenye Bahari ya Kaspi. Siku hizi ni mji mkuu wa Azabajani. Wakati ule ulikuwa ndani ya himaya ya Urusi. Visima vya Baku vilikuwa vikishika moto mara kwa mara, na kuvizima kulikuwa kugumu sana. Palikuwa na mwalimu wa shule mjini humo, Aleksandr Loran, aliyefundisha fizikia na kemia. Aliona kwamba maji yanazama chini ya mafuta, basi akajiuliza ni kitu gani kinaweza kuelea juu yake na kuyafunika. Jibu lake lilikuwa povu. Kati ya mwaka 1902 na 1904 alilijaribu mbele ya watu na kuliandikisha kama uvumbuzi wake. Povu linatandazwa juu ya mafuta kama blanketi, mvuke unakosa njia ya kupanda, moto unakufa.

Hadi leo wazima moto wanapambana na petroli kwa povu. Maji wanayatumia kupoza tangi na nyumba za jirani. Ukiona gari la zimamoto limefika na hawakumwagi maji pale unapodhani wangemwaga, usiwatukane. Wanajua wanachofanya.

Tatizo letu ni kwamba povu liko mjini, na sisi tuko mbali na mji. Mpaka gari la zimamoto lifike, silaha yetu kubwa ni umbali.

Umbali huo umeshapimwa. Marekani, Kanada na Meksiko tangu mwaka 1996 wanatumia kitabu kimoja kwa polisi na wazima moto wanaofika mwanzo kwenye ajali ya kemikali. Kwa petroli kinasema hivi. Ikimwagika tu, waondoe watu mita 50 kila upande. Ikimwagika nyingi, fikiria kuwaondoa watu walio upande unakoelekea upepo hadi mita 300. Tangi likishika moto, mita 800 kila upande.

Kwa kuwa hatutembei na futi kamba, tuhesabu kwa uwanja wa mpira. Mita 50 ni nusu ya uwanja. Mita 300 ni viwanja vitatu. Mita 800 ni viwanja vinane. Kumbuka kwamba hizo mita 50 ni mwanzo tu.

Kuna jambo jingine la kusoma. Kuanzia mwaka 1956 Umoja wa Mataifa umekuwa ukitoa mapendekezo ya namna ya kusafirisha vitu vya hatari, na kila kitu kikapewa namba. Kwenye malori mengi ya mafuta utaona bamba la rangi ya chungwa. Ukiona 1203, hiyo ni petroli. 1202 ni dizeli. 1223 ni mafuta ya taa. Bamba likiwa na namba mbili, ile ya juu inaeleza hatari yenyewe. Namba 3 ni kimiminika kinachowaka, na ikiandikwa mara mbili, 33, maana yake kinawaka upesi sana. Watoto wanaojua kusoma namba wanaweza kufundishwa hili kwa dakika mbili. Isome kutoka mbali. Kama huioni kutoka mbali, usiisogelee ili uisome. Chukulia kwamba ni petroli.

[Muziki mfupi.]

MSIMULIZI: Basi, lori likianguka karibu na kambi, au karibu na soko tunalokwenda, ule muda wa kimya tuutumie kwa kazi gani? Historia tuliyoisikia inatupa kazi nne.

Ya kwanza ni kuondoka, na kuondoka na watu. Shika vumbi kidogo uliachie, uone upepo unakwenda wapi. Nenda upande unakotoka upepo, na kwenye mwinuko, usishuke bondeni wala mtaroni. Watoto kwanza. Lori likianguka, watoto ndio wanaokimbia kwenda kutazama. Kila mzazi aanze kwa kuhesabu wa kwake.

Ya pili ni kuua moto mdogo uliopo, kama mvuke haujafika hapo. Nyumba zilizo upande unakokwenda upepo ziambiwe zizime majiko, sigara na taa, kisha watu watoke. Ukishaisikia harufu ya petroli, usianze tena kuhangaika na jiko wala swichi. Toka tu. Pikipiki iliyo karibu isiwashwe. Isukumwe kwa mkono au iachwe.

Ya tatu ni kupeleka habari. Mtu mmoja akimbie kwa kiongozi wa mtaa, kwa walinzi na kwa polisi wa kambi. Piga simu ukiwa umeshafika mbali. Kwa walioko Tanzania, namba ya zimamoto ni 114. Sema mahali, sema namba ya bamba kama umeiona, sema kama kuna moto au bado. Na watu wawili au watatu wasimame barabarani, mbali, pande zote mbili, kuzuia magari na wapita njia.

Ya nne ni kwa aliyeungua. Nguo zikimwakia mtu, asikimbie; alale chini na kujiviringisha, au afunikwe kwa blanketi zito. Akishazimika, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani; mtu mmoja amwage, mwingine aende kutafuta maji mengine. Vua pete, bangili na mkanda kabla mwili haujavimba. Nguo iliyogandana na ngozi usiibandue. Usipake dawa ya meno, wala mafuta ya kupikia, wala asali, wala unga, wala majivu. Funika kwa kitambaa safi, mpe mgonjwa joto sehemu ambazo hazikuungua, na umpeleke zahanati hata kama anasema hajisikii vibaya. Msamvu ilitufundisha kwamba aliyetembea mwenyewe kwenda hospitali siku ya kwanza anaweza kuwa hatarini wiki ya pili.

Na nyumbani, mambo mawili tu. Petroli isilale ndani ya nyumba, hata chupa moja ya soda. Na mafuta ya taa yanunuliwe kwa mtu unayemwamini, kwa sababu ule udanganyifu wa karne ya 19 haujafa. Mafuta yakinuka kama ya pikipiki, usiyatie kwenye taa.

[Muziki unaingia chini ya sauti.]

MSIMULIZI: Tulisema tutalirudia neno «tamaa».

Neno hilo ni rahisi kwa anayelisema, maana linamweka yeye upande wa wenye akili na wafu upande wa wajinga. Lakini litazame vizuri. Je, mtu aliyekuwa ndani akitazama mpira Sange alikuwa na tamaa? Mama wa Goma aliyerudi akakuta lava mahali palipokuwa na nyumba yake, akaenda kutafuta cha kuuza ili watoto wale, hiyo tuiite tamaa? Waliokufa wengi walikuwa watu maskini waliofanya hesabu, na hesabu yao ilikosa namba moja. Hawakujua kwamba mvuke ulishawafunika miguu. Walidhani kimya ni usalama.

Ubaya wa neno «tamaa» ni kwamba halimfundishi mtu chochote. Kila mmoja wetu anajiambia: mimi sina tamaa, kwa hiyo hayo hayatanipata. Kisha siku lori likianguka anasogea kuangalia tu, mikono mitupu, na moto haumwulizi alikuja kufanya nini.

Wewe, ndugu msikilizaji, unaijua njaa, na unajua thamani ya lita moja ya mafuta. Hatukuambii kwamba hazina maana. Tunakuongezea ile namba iliyokosekana kwenye hesabu. Dumu moja la lita 20 linauzwa na kuliwa kwa siku chache. Kilichowekwa upande wa pili wa mizani ni wewe na wote walio umbali wa viwanja vitatu vya mpira kutoka pale uliposimama.

Wafu wa Sange wamelala kwenye bonde la Ruzizi, na wengine kati yenu mna ndugu huko ambao hamjaweza kwenda kuwazuru. Kambini hatuwezi kuweka shada la maua kwenye makaburi yale. Tunachoweza ni kumweka mtoto chini leo jioni na kumweleza kwa nini anapaswa kukimbia kuelekea kule upepo unakotoka.



[Muziki wa kufunga.]

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Katika lugha zinazosemwa kwenye kikundi chenu, mafuta ya pikipiki, ya taa na ya lori yanaitwaje? Nani aliwahi kupewa mafuta tofauti na aliyotaka?

2. Lori likianguka kwenye barabara iliyo karibu nasi leo, upepo wa mchana huelekea upande gani, na wa usiku je? Mwinuko ulio karibu uko wapi?

3. Nani kati yetu atakimbia kwa kiongozi wa mtaa, nani atawahesabu watoto, na nani atasimama barabarani? Tajaneni majina kabla ya kuachana.